Kamaran: karantini iliyosimama kama boma

Kwa nini kisa hiki

Kwa anayefanya kazi ya afya bandarini au mpakani, kisa cha Kamaran, kisiwa cha karantini ya mahujaji, kina faida kubwa kwa sababu kimekwisha. Waliokigombania wote wameshazikwa, na leo hesabu ya nani alifaidika na nani aliumia inaweza kupigwa bila kumwogopa mkubwa yeyote. Majina ya madaktari wa Kamaran, manahodha, meli na mahujaji nimeyaondoa. Mahali na miaka nimeviacha kama vilivyo, maana ukiviondoa hivyo kisa kizima kinapotea.

Swali ninaloliuliza ni moja. Karantini hii ilikuwa inamkinga nani, na ni nani aliyelipa?

Usuli

Kamaran ni kisiwa tambarare katika Bahari ya Shamu, kusini yake kidogo ikiwa bandari ya Hudaida ya Yemeni, na mbele yake, ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, ukiwa mji wa chumvi wa Salif. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 108. Ardhi ni ya matumbawe na mchanga, maji ya visima yana chumvi, joto halina huruma. Wenyeji walikuwa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu. Kitu kimoja tu kiliwavuta wageni wenye silaha, nacho ni nanga. Bandari yake imetulia, upepo hauifikii vizuri, na kila chombo kinachopanda kutoka Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo, kwenda Jidda hupita karibu nayo.

Kwa hiyo kisiwa kilijua maboma kabla ya kujua madaktari. Mwaka 1513 Mreno Afonso de Albuquerque, aliposhindwa kuiteka Adeni, alijificha hapo na merikebu zake, na watu wake wengi wakafa kwa maradhi na njaa. Miaka miwili baadaye wakaja Mamluki wa Misri, wakaanza kujenga ngome. Mwaka 1517 Wareno wakarudi na kuibomoa. Mwaka huohuo Mamluki walianguka mikononi mwa Waturuki wa Uthmaniya, na ugomvi wa bahari ile ukawa wa Waturuki. Msomaji wa Mombasa anaujua mkia wa ugomvi huo: Mturuki Mir Ali Bey alitoka Yemeni mara mbili, mwaka 1585 na 1588, kuja kuwatikisa Wareno kwenye pwani yetu, na baada ya kukamatwa kwake Mombasa mwaka 1589 Wareno hawakulala tena. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus.

Karne ya 19 ilipofika, mambo yalikuwa yamegeuka. Uingereza iliichukua Adeni mwaka 1839 na kukikalia kisiwa cha Perim, katikati ya mlango wenyewe wa Bab el Mandeb, mwaka 1857. Waturuki walikuwa wamerudi pwani ya Yemeni mwaka 1849, wakaingia Sanaa mwaka 1872. Mfereji wa Suezi ulifunguliwa mwaka 1869. Bahari iliyokuwa kama ua wa nyuma wa dola ya Uthmaniya ikawa barabara kuu ya dunia, na ufunguo wa lango lake la kusini ulikuwa mfukoni mwa Mwingereza.

Ndipo kikaja kipindupindu. Katika hija ya mwaka 1865 walikufa mahujaji wanaokadiriwa 15,000. Waliobaki walipanda meli za moshi kwenda Suezi, na ndani ya miezi michache ugonjwa ulikuwa Aleksandria, Istanbul, Marseille na bandari nyingine za Ulaya. Hofu hiyo ndiyo iliyoitisha mkutano wa kimataifa wa afya mjini Istanbul mwaka 1866. Mkutano ulitaka meli za mahujaji kutoka India zizuiwe mapema kabisa, kwenye mlango wa Bahari ya Shamu. Kwenye karatasi lilikuwa wazo safi. Lakini mlango ulikuwa wa Mwingereza, na Mwingereza hakutaka meli za biashara zisimamishwe hata saa moja.

Ugonjwa ule haukungoja wajumbe wakubaliane, wala haukwenda Ulaya peke yake. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati huo, aliufuatilia mkondo wake kutoka nchi za Bahari ya Shamu hadi Uhabeshi, ukapita nchi ya Wamasai na njia za misafara, ukatokeza Pangani, na mwishoni mwa mwaka 1869 ukaingia Unguja. Uliingia kwa miguu, kutoka bara, huku macho ya kila mtu yakiwa baharini. Tutalihitaji jambo hilo mbele.

Yaliyotokea

Kipindupindu kilirudi Hijaz, nchi ya Makka na Madina, mwaka 1881. Safari hii serikali ya Uthmaniya mjini Istanbul haikungoja tena Perim ipatikane. Baraza la afya la dola, lililoundwa enzi za Sultani Mahmud II mwishoni mwa miaka ya 1830, lilichagua Kamaran, na kufikia mwaka 1882 kituo kilikuwa kinapokea meli. Kwa Kituruki kituo cha namna hiyo kiliitwa *tahaffuzhane*, nyumba ya kujihifadhi. Sikio la Mswahili linasikia humo "hifadhi" bila kufunzwa, kwani mzizi ni huohuo mmoja wa Kiarabu.

Mwanzoni palikuwa na vibanda vya makuti na miti, walinzi, na madaktari wachache. Meli iliyotoka India, Java, Ghuba au pwani ya Afrika ikibeba mahujaji ilitakiwa itie nanga hapo kabla ya kwenda Jidda. Abiria walishushwa kwa mashua wakiwa na mizigo yao, wakapelekwa kambini, kila meli na kambi yake ili watu wasichanganyike. Muda wa kawaida ulikuwa siku 10. Akitokea mgonjwa kambini, hesabu ilianza upya.

Hapa pana jambo ambalo afisa asiyekuwa Mwislamu angeweza kulipita bila kuliona. Hija ina tarehe yake. Arafa ni mwezi 9 Mfunguo Tatu, na Arafa haimsubiri mtu. Hujaji aliyeuza shamba, akaaga watoto, akavuka bahari, anaambiwa ukingoni mwa safari kwamba mwenziwe wa kibanda cha jirani ameharisha na kwa hiyo wote warudi siku ya kwanza. Zikiwa zimebaki siku 12 kufikia Arafa, hiyo si habari ya afya tena.

Mwaka 1883 kipindupindu kiliiwasha Misri, na daktari wa Kijerumani Robert Koch akaja huko na wenzake kukitafuta kijidudu. Mwaka 1884, akiwa Calcutta, alitangaza kwamba amekipata. Tangu hapo wakubwa wa Kamaran walijua wanachopigana nacho kinaishi kwenye maji na kinyesi. Pole pole vibanda vilipata wenzao wa mawe, yakaja matanuri ya mvuke ya kutakasia nguo na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Malalamiko hayakuisha: maji, joto, bei za wachuuzi waliopewa ruhusa ya kuuza chakula na kuni, ada iliyotozwa kila kichwa.

Kisha ukafika mwaka 1893. Kamaran ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka 10. Pamoja na hayo kipindupindu kililipuka Makka na Mina wakati wa Idi ya kuchinja, na waliokufa walipita 30,000. Ilikuwa mara mbili ya mwaka 1865.

Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Paris kuzungumza habari za hija pekee. Walichokubaliana, kwa ufupi, kilikuwa kukaza zaidi: matanuri mengi zaidi, ukaguzi zaidi, Kamaran iboreshwe. Matanuri yakapelekwa hadi ndani ya Hijaz. Mwaka 1895 watu wakayavunja, wakaishambulia na hospitali. Jioni ya Mei 30 mwaka huo, nje ya kuta za Jidda, Mabedui waliwapiga risasi mabalozi wa kigeni waliokuwa matembezini. Makamu wa balozi wa Uingereza akauawa, wengine wakajeruhiwa. Aliyeuawa alikuwa daktari, Mwislamu kutoka India, aliyetumia miaka mingi akiripoti mateso ya mahujaji, yakiwemo ya karantini hiyohiyo.

Maamuzi na sababu zake

*Mahali.* Kwa jicho la daktari, Kamaran haikuwa chaguo la kwanza. Iko ndani ya bahari, mbali na mlango, maji yana chumvi, na kila kitu lazima kiletwe. Lakini ilikuwa ardhi ya dola, na ilikuwa kisiwa. Istanbul haikuwa na uwezo wa kuweka mizinga ya kuikabili Adeni. Kituo cha afya chenye bendera, askari, daktari mwenye mhuri na haki ya kuisimamisha meli ya Mwingereza kilifanya kazi ambayo ngome isingeweza kuifanya bila vita. Sisemi kwamba ugonjwa ulikuwa kisingizio. Hofu ilikuwa ya kweli, na dola iliyojiita mlinzi wa miji mitukufu ilibeba aibu ya kila hujaji aliyekufa. Nasema tu kwamba jengo moja lilipewa kazi mbili.

*Siku 10.* Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5 tangu kuingia mwilini hadi kuonekana. Meli ya moshi ya wakati ule ilitumia zaidi ya wiki kutoka Bombay hadi Kamaran. Kwa hiyo meli iliyofika bila mgonjwa hata mmoja ilikuwa imeshakaa karantini yake njiani. Waliopanga muda huo mwanzoni hawakuwa na kipimo chochote cha maabara, na katika hali hiyo siku nyingi zilionekana usalama mwingi. Nawaelewa. Lakini baada ya mwaka 1884 udhuru huo ulizidi kudhoofika.

*Malipo.* Dola ilikuwa na madeni hadi shingoni na hazina yake ya madeni ilisimamiwa na wakopeshaji wa Ulaya tangu mwaka 1881. Baraza la afya la Istanbul lilikuwa na wajumbe wa kigeni wengi kuliko wa dola yenyewe, na kila serikali ilitaka ulinzi bila kuugharamia. Aliyebaki kulipa ni yule asiyekuwa na mjumbe: hujaji.

*Dini.* Hapa nadhani uamuzi ulikuwa mzuri, ingawa haukutumiwa hadi mwisho. Mahmud II alipoanzisha karantini alipata kwanza fatwa ya Sheikhul-Islam, mufti mkuu wa dola. Msingi ulikuwepo tayari katika hadithi mashuhuri ya tauni: usiingie nchi ilimo, wala usitoke nchi ikikukuta humo. Kila anayejua kisa cha Khalifa Umar kugeuka njiani asiingie Shamu (Syria) wakati wa tauni ya Amwas anajua kwamba kujitenga na maradhi si jambo la kizungu. Lakini hujaji aliyefika Kamaran alikutana na mlinzi na tanuri kabla ya kusikia neno lolote la namna hiyo.

Matokeo

Kwa Ulaya, mfumo mzima ulizaa matunda. Nao haukuwa Kamaran peke yake: upande wa kaskazini kulikuwa na kituo cha El Tor, Sinai, kilichowachuja mahujaji waliokuwa wakirudi, na Suezi yenyewe. Baada ya miaka ya 1890 hija haikuwa tena njia ya kipindupindu kuingia Ulaya.

Kwa Hijaz, matunda hayo yalikuwa machache. Mwaka 1893 unatosha kuwa ushahidi.

Kwa dola ya Uthmaniya, kituo kilipanda bendera na kuvuna chuki, tena chuki ya Waislamu, ambao ndio hasa Sultani Abdülhamid II alitaka wamwone kuwa khalifa wao. Waingereza waliyachukua malalamiko ya mahujaji wa Kihindi na kuyafanya silaha ya kidiplomasia mwaka baada ya mwaka. Silaha hiyo haikuwa safi. Mwaka 1897, tauni ilipokuwa Bombay, serikali ya Kihindi chini ya Uingereza yenyewe ilizuia mahujaji wasiondoke bandari hiyo.

Uchambuzi

Kilichofaulu kwanza. Kutenganisha kambi kwa meli kulikuwa na akili, na wengi tunaopanga karantini leo bado tunashindwa: tunawaweka wasafiri wa ndege tatu ukumbi mmoja, kisha tunashangaa. Maji yaliyosafishwa kwa mvuke yaliondoa hatari kubwa kuliko siku 10 za kungoja. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu mwaka 1882 ningenunua mtambo wa maji, na vibanda vingesubiri.

Kilichoshindwa kina matawi.

Tawi la kwanza ni ile kanuni ya kurudisha hesabu. Inaonekana ya haki kwenye karatasi. Kambini inamfanya kila mtu awe na sababu ya kumficha mgonjwa: familia yake, wenziwe wa kibanda, nahodha anayelipia kila siku meli ikiwa imelala nangani. Karantini inaishi kwa habari, na kanuni hii inaikausha habari kwenye chemchemi. Kama anayetangaza ugonjwa mapema anaadhibiwa sawasawa na anayeuficha, hakuna atakayeutangaza. Kutenga kibanda kimoja badala ya kambi nzima kungepunguza adhabu hiyo, na muda mfupi wa siku 5 ungeibeba sayansi ya wakati ule bila shida.

Tawi la pili ni ramani. Kamaran ilisimama kwenye njia ya meli za moshi. Lakini Hijaz haikuwa na mlango mmoja. Kulikuwa na misafara ya nchi kavu kutoka Yemeni, na kulikuwa na majahazi na mashua zinazoweza kuteremsha watu usiku katika ghuba yoyote kati ya Jizan na Jidda. Christie alikuwa ameshaandika jinsi ugonjwa ulivyopita bara hadi Pangani. Somo lilikuwa limechapishwa kitabu kizima mwaka 1876, miaka 6 kabla ya kituo kufunguliwa, na hakuna aliyelifanyia kazi. Boma hulinda upande linaoutazama. Kipindupindu hakina upande.

Tawi la tatu ni fedha, nami nalihesabu kuwa ndilo shina. Anayelipia kufungwa kwake, kwa faida ya mtu asiyemjua, atautafuta mlango wa nyuma. Hatuhitaji kwenda karne ya 19 kuliona hilo. Kenya mwaka 2020 wasafiri waliowekwa karantini ya lazima ya korona walitakiwa kulipia malazi wenyewe, picha za watu wakiruka ukuta zikazagaa simuni, na mwezi Mei serikali ikatangaza kubeba gharama kwenye vituo vyake. Kamaran haikupata Mei yake. Ada ndiyo iliyolipa mishahara, kwa hiyo kupunguza siku ilikuwa ni kupunguza mapato, na hapo hata daktari mwaminifu anawekwa mahali pabaya.

Kuhusu mwaka 1895 ningependa tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema Mabedui walipinga tiba kwa ujinga. Walichokiona wao ni mitambo ya Wazungu ikiingia nchi tukufu, nguo za watu zikichomwa kwa mvuke, na vifo vya mwaka 1893 vikiwa vimetokea pamoja na karantini yote iliyokuwepo. Kwa ushahidi waliokuwa nao, kudhani kwamba kitu hiki hakipo kwa ajili yao hakukuwa upumbavu. Walikosea walipomuua mtu ambaye labda ndiye peke yake katika kundi lile aliyekuwa ameandika kwa kuwatetea mahujaji. Hasira ya umati haina muda wa kusoma ripoti.

Na sayansi nayo ilikuwa na deni. Mwaka 1905, kwenye kituo cha El Tor, daktari Gotschlich alivipata vijidudu vya kipindupindu katika maiti za mahujaji ambao hawakuwa na dalili za ugonjwa huo. Yaani mtu anaweza kuubeba akipita mbele ya daktari na kujibu salamu. Miaka yote 20 ya kuhesabu waliolala na waliosimama pale Kamaran ilikuwa inahesabu nusu ya jambo. Aina hiyo ikapewa jina la kituo, El Tor, na ndiyo iliyotoka Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970 na kubaki nasi. Kila afisa afya wa pwani yetu aliyewahi kumimina klorini kisimani ameshapambana na mjukuu wa vijidudu vya mahujaji wale.

Baada ya hapo

Juni 1915, katikati ya vita kuu, Waingereza waliteremka Kamaran na kuichukua. Hawakulibomoa boma, kama Wareno walivyofanya mwaka 1517. Kituo kilichokuwa mwiba kwao kwa miaka 30 kiligeuka kuwa sababu yao ya kubaki. Mkataba wa amani wa Lausanne wa mwaka 1923 uliiondolea Uturuki haki zake bila kusema wazi kisiwa ni cha nani, na pengo hilo likajazwa na karantini: aliyekuwa anaiendesha ndiye aliyekuwepo. Mwaka 1926 Uingereza na Uholanzi, zenye mahujaji wengi wa India na Java chini yao, zilikubaliana kukiendesha kituo pamoja. Kazi iliendelea hadi mapema miaka ya 1950, meli zikitia nanga palepale, matanuri yakiwaka.

Na ada iliendelea kutozwa kila kichwa.